Birika Lililochongwa Mwambani: Lalibela na Maji ya Ubatizo Wetu

Sisi tunaoishi Mukendo na mitaa mingine ya Musoma hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji. Ziwa Victoria liko mbele ya macho yetu. Linatupa samaki, linatupa mvua, na mara nyingine linatuchukulia ndugu zetu. Hata hivyo, miaka ya karibuni swali la maji limeingia kanisani kwa mlango mwingine. Washarika wanauliza kuhusu maji ya upako yanayouzwa kwenye chupa. Wanauliza kama yapo maji yenye nguvu kuliko yale tuliyobatizwa nayo, na kama inafaa kupanda basi kwenda kuyatafuta.

Tusiwacheke wanaouliza. Mwaka 2011 Watanzania kwa maelfu, pamoja na majirani zetu wa Kenya, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu la Kilutheri. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha mjini Moshi katika msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengi wa watu hao walikuwa na mgonjwa nyumbani, au mzigo ambao hawakuwa na mahali pengine pa kuutua.

Swali hili ni la zamani, na Kanisa limeishi nalo kwa karne nyingi. Kwa hiyo katika insha hii tunakwenda mahali pamoja ambapo Wakristo wa Afrika wamehiji kwa takriban miaka 800, mahali penye makanisa yaliyochongwa katika mwamba na birika la maji uani. Mahali hapo ni Lalibela, nchini Ethiopia. Tutatazama jinsi palivyojengwa na maana ya alama zake, kisha tutarudi nyumbani tukiuliza: maji yanatupa nini, na hatupaswi kuyadai nini?

Mji uliochongwa

Lalibela ni mji mdogo katika milima ya Lasta, kaskazini mwa Ethiopia, umbali wa kilomita 645 hivi kutoka Addis Ababa. Uko juu sana, takriban mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi kali. Zamani uliitwa Roha. Jina la sasa ni la mfalme Gebre Meskel Lalibela wa ukoo wa Wazagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Wakati huo Ukristo ulikuwa umekwisha kukaa Ethiopia zaidi ya miaka 800, tangu mfalme Ezana wa Aksum alipoipokea imani katika karne ya nne.

Makanisa ya Lalibela ni 11. Hayakujengwa kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Mafundi walianza juu kwenye uso wa mwamba wakichimba handaki kuzunguka, hata likabaki pande moja kubwa katikati. Kisha waliuchonga mwamba huo kutoka juu kushuka chini: paa kwanza, madirisha baadaye, milango mwishoni. Ndipo wakaingia ndani na kutoa jiwe wasilolitaka, wakiacha nguzo, matao na madhabahu. Fundi wa namna hii hana nafasi ya kurekebisha, kwa maana nguzo ikikatwa vibaya hakuna jiwe la kuirudishia. Kanisa kubwa kuliko yote, Bete Medhane Alem, yaani Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, lina urefu wa zaidi ya mita 33 na kimo cha mita 11 hivi. Kanisa la Mtakatifu Georgi, Bete Giyorgis, limechongwa kwa umbo la msalaba. Mtu akifika hulitazama kutoka juu kwanza, kwa kuwa paa lake liko sawa na ardhi anayosimama.

Padri Mreno Francisco Álvares alifika huko miaka ya 1520. Katika kitabu chake kilichochapwa Lisbon mwaka 1540 aliyaeleza makanisa hayo, kisha akaapa kwa Mungu kwamba ameandika kweli, maana alihofu kwamba wasomaji wa Ulaya hawatamwamini.

Waumini wa Ethiopia wana masimulizi yao. Husema mfalme alipozaliwa nyuki walimzunguka, na mama yake akatambua kuwa mtoto huyo atatawala. Husema pia kwamba alinyweshwa sumu na ndugu zake, akachukuliwa na malaika na kuonyeshwa mbinguni makanisa atakayoyachonga; na kazi ilipoanza, wanadamu walichonga mchana na malaika wakachonga usiku. Masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya mfalme kufa. Watafiti wa leo wanasema kazi ilifanyika kwa awamu, na kwamba baadhi ya mapango na kumbi huenda ni za kale kuliko mfalme mwenyewe, zikageuzwa makanisa baadaye. Sisi hatuna haja ya kuchagua kati ya malaika na patasi. Mtu aliyewahi kujenga kanisa kwa michango ya harambee anajua kwamba kazi ya Bwana ikikamilika, hata waliobeba mawe hushangaa imekamilikaje.

Yerusalemu karibu na nyumbani

Jambo kubwa zaidi kuliko ufundi ni majina. Makanisa yamegawanyika katika makundi mawili makubwa, kila moja likiwa na makanisa matano, na la Mtakatifu Georgi limejitenga peke yake. Kati ya makundi hayo umechimbwa mfereji mrefu unaoitwa Yordanos, yaani Yordani. Kundi moja lina kanisa liitwalo Golgotha, ambamo mapokeo husema mfalme alizikwa, na jirani yake lipo pande la jiwe liitwalo Kaburi la Adamu. Kundi la pili lina Bethlehemu. Anayetembea Lalibela anatembea katika Yerusalemu iliyochongwa ndani ya milima ya Afrika.

Kwa nini walifanya hivyo? Watu wengi husema ni kwa sababu Salahuddin aliutwaa mji wa Yerusalemu mwaka 1187, na njia ya mahujaji ikawa ngumu. Inawezekana jambo hilo lilichangia. Lakini Wahabeshi hawakuacha kwenda Yerusalemu. Watawa wao wako huko hata leo, kwenye paa la Kanisa la Kaburi Takatifu. Sababu nyingine inaonekana tukimfikiria mkulima. Safari ya Yerusalemu ilikuwa ya miezi mingi, kwa jangwa na kwa bahari. Mjane wa Lasta na mchunga mbuzi wasingeweza kuifanya. Kwa kuchonga Golgotha na Yordani milimani kwao, waliwapa maskini safari ambayo wangeweza kuimaliza kwa miguu yao wenyewe.

Hapa tayari kuna somo. Mafundi wa Lalibela walijua kwamba Yordani yao si Yordani. Mfereji ule hubaki mkavu sehemu kubwa ya mwaka, ukapata maji wakati wa mvua. Lakini hawakuchonga ili kumdanganya mtu. Walichonga alama, na alama njema humchukua mtu na kumpeleka mbele, kwa kile inachokionyesha. Kaburi la Adamu limewekwa karibu na Golgotha kwa sababu Wakristo wa kale walisimulia kwamba Adamu alizikwa chini ya mahali aliposulubiwa Bwana, na damu ya Mwokozi ikamfikia. Hivyo hata msafiri asiyejua kusoma alilielewa fundisho la Paulo katika Warumi 5, la Adamu wa kwanza aliyeleta mauti na Kristo aliyeleta uzima.

Birika la Bete Maryam

Kati ya makanisa yote, Bete Maryam, Nyumba ya Mariamu, ndiyo inayopendwa sana na mahujaji. Ndani yake dari na matao vimepambwa kwa michoro. Ipo pia nguzo moja inayofunikwa kwa kitambaa, ambayo mapokeo husema imeandikwa mambo yaliyopita na yatakayokuja. Nje uani, katika mwamba uleule, limechongwa birika. Maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mimea inayoota juu yake, kama yalivyo maji ya ziwa letu mahali penye magugu. Wanawake wasiojaliwa watoto huja hapo wakati wa Noeli, ambayo Ethiopia huadhimishwa tarehe 7 Januari. Hufungwa kamba, wakashushwa polepole ndani ya maji ya baridi huku wakiomba.

Usiku huo mji hujaa watu waliovaa mashuka meupe. Wengine wametembea siku nyingi, na mapokeo husema ni siku ya kuzaliwa kwa mfalme Lalibela pia. Asubuhi makasisi husimama juu ya ukingo wa mwamba, na wengine chini uani, wakiimba kwa kupokezana kuhusu Kristo, Mkombozi wa wote. Siku 12 baadaye, tarehe 19 Januari, huja Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Makasisi huzitoa tabot, mbao takatifu zinazowakilisha sanduku la agano, na kuzipeleka kwenye maji. Watu hukesha, na kukipambazuka maji hubarikiwa, kisha umati hunyunyiziwa. Hawabatizwi upya, wanakumbuka ubatizo wao.

Tumwangalie yule mwanamke kwenye kamba. Hapa Mara tunamfahamu. Tumeona jinsi mke asiye na mtoto anavyosemwa na mawifi, jinsi anavyoketi mwisho kwenye vikao vya ukoo, na jinsi mume anavyoshauriwa aoe mwingine. Tukimhukumu kwa haraka kwamba ni mshirikina, tunamsahau Hana, mama yake Samweli, aliyelia katika nyumba ya Bwana hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mwanamke huyu hajaja kununua kitu. Amekuja na machozi yake mbele za Mungu, na maji yale yanampa mahali pa kuyaweka.

Hata hivyo mchungaji anapaswa kuuliza: je, akirudi nyumbani, na mwaka ukapita bila mtoto, atasema nini juu ya Mungu? Hapo ndipo hatari ya mahali patakatifu ilipo. Mtu akiambiwa kwamba neema imo ndani ya maji haya na si mengine, basi asipopata alichokiomba atadhani Mungu amemkataa, au atatafuta maji mengine mbali zaidi, kwa nauli kubwa zaidi.

Luther na mahujaji

Martin Luther aliijua hatari hiyo. Ulaya ya wakati wake ilijaa vikanisa vya hija, chemchemi za watakatifu na masalia. Huko Wilsnack watu walimiminika tangu mwaka 1383 kuona mikate ya ushirika iliyodaiwa kutoa damu. Huko Regensburg mwaka 1519 Wayahudi walifukuzwa, sinagogi lao likabomolewa, na mahali pake pakawekwa kikanisa cha Mariamu kilichovuta umati mkubwa. Mwaka uliofuata, 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa Ujerumani, Luther alivitaja vituo hivyo kwa majina na kutaka viondolewe. Hoja yake ilikuwa ya kichungaji: mume anatumia fedha njiani huku mke na watoto wana njaa nyumbani, na mtu anaiacha parokia yake, yenye Neno, ubatizo na meza ya Bwana, akidhani Mungu yuko karibu zaidi mahali pengine.

Lakini historia ina jambo ambalo Walutheri wengi hawalijui. Mwaka 1534 alifika Wittenberg shemasi Mwethiopia aitwaye Mikaeli. Alizungumza na Luther kuhusu imani, nao wakaafikiana katika mambo ya msingi, likiwamo fundisho la Utatu. Tarehe 4 Julai mwaka huo Luther alimwandikia barua ya utambulisho ili apokelewe kama Mkristo kokote aendako. Mikaeli alitoka katika kanisa lenye hija, mifungo mirefu na desturi nyingi ambazo Wittenberg hawakuwa nazo. Luther hakumdai aziache kwanza ndipo amwite ndugu. Alizipambanua desturi na Injili: desturi zinaweza kutofautiana, mradi zisiuzwe kama njia ya wokovu.

Kipimo hicho kinatufaa hata leo. Tukisimama kwenye birika la Bete Maryam tusianze kwa kuuliza kama sisi tunafanya hivyo. Tuulize: je, maji haya yanamwelekeza mtu kwa Kristo, au yanachukua nafasi yake? Na je, mtu maskini anayapata bure?

Maji yasiyo na jina

Maandiko yenyewe yanatupa mwongozo. Katika 2 Wafalme 5 Naamani alichukia kuambiwa aoge Yordani, kwa kuwa mito ya kwao Dameski ilikuwa mizuri zaidi. Alipokwisha kutakaswa alitaka kumlipa Elisha, na nabii akakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyemkimbilia nyuma kuchukua malipo, na ukoma wa Naamani ukamrudia yeye. Kila tunapoona bei imeandikwa kwenye chupa ya maji ya maombi, tumkumbuke Gehazi.

Katika Yohana 5 yupo mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38, akilala kando ya birika la Bethzatha na kungoja wa kumtia majini. Yesu hakumtia majini. Alimwambia neno, naye akasimama. Birika lilibaki palepale. Mtu alikwenda zake.

Na katika Matendo 8 yupo towashi Mkushi, mtunza hazina wa malkia, ambaye Wakristo wa Ethiopia wanamhesabu kuwa wao. Alikuwa ametoka Yerusalemu kuabudu. Alifika kwenye mji mtakatifu wenye hekalu, akaondoka akisoma kitabu asichokielewa. Filipo alimweleza habari za Yesu katika gari, njiani, mahali pa jangwa. Wakafika penye maji, na hapo akabatizwa. Luka hakuyataja jina maji yale. Hatujui kama ni kijito au dimbwi la mvua. Hakuna aliyeweza kuyauza, maana hakuna aliyejua ni yapi. Lakini yalitosha, kwa sababu palikuwa na Neno na palikuwa na maji, na Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba hivyo viwili vikiunganishwa kwa agizo la Kristo ndivyo vinavyofanya ubatizo. Towashi akaendelea na safari yake akifurahi.

Turudi Mukendo

Wazee wetu wa Mara walikuwa na mahali pao pa heshima. Wazanaki wa Butiama wanaujua msitu wa Muhunda, ambao haukukatwa ovyo. Kutamani mahali pa kumkaribia Mungu hakukuletwa na wamisionari. Injili inaichukua hamu hiyo na kuiambia kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyesafiri kuja kwetu. Wachongaji wa Lalibela waliilewa nusu ya jambo hili kwa patasi zao: waliileta Yerusalemu karibu, ili maskini asibaki nyuma. Kristo alimaliza nusu iliyobaki. Katika kila usharika, hata ule unaosali chini ya mwembe, lipo birika. Mara nyingi ni beseni la kawaida juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na maji yamechotwa ziwani au bombani asubuhi ileile.

Kwa hiyo tuishi kama watu waliokwisha kufika. Anayependa kwenda Lalibela na aende, akajifunze kwa Wakristo waliolinda imani katika mwamba kwa karne nane, na ambao hata katika vita vilivyoufikia mji wao mwaka 2021 hawakuacha kusali. Lakini asiende kwa kudhani kwamba huko Mungu anasikia zaidi. Mgonjwa na aombewe, apakwe mafuta na wazee wa kanisa bila malipo kama Yakobo alivyoagiza, na asiache dawa alizopewa hospitali. Na yule dada asiye na mtoto asingoje kamba ya Bete Maryam ili apate watu wa kumshika. Sisi washarika tumshike: tumtetee mbele ya mawifi, tumpe nafasi ya mbele katika kikao, tulie naye akilia.

Kila asubuhi tunaponawa uso tunaweza kujiambia kwamba tumebatizwa. Adamu wa kale, ambaye kaburi lake limechongwa Lalibela, ana kaburi lingine katika maisha yetu: Katekisimo inasema azamishwe kila siku kwa toba, ili mtu mpya afufuke. Kwa hija hiyo hatuhitaji nauli. Tunaianza pale tulipo, na maji yake tumekwisha kupewa bure.